Mtoto Akishatoka, Nani Anamtazama Mama?

Watu wakisikia kazi yangu ni doula, huuliza kwanza: "Kwa hivyo wewe ndiye unayezalisha?" Hapana. Kuzalisha ni kazi ya mkunga na daktari. Simpimi mama kujua njia imefunguka sentimita ngapi, simdungi sindano, sikati kitovu. Namkanda kiuno uchungu unapopanda, namshika mkono akitembeatembea, namnywesha maji kidogo kidogo. Sista akisema jambo mbiombio, namfafanulia. Na siondoki.

Huko kutoondoka kuna uzito wake. Uchambuzi wa mwaka 2017 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, uliojumlisha tafiti 26 na wanawake zaidi ya 15,000, ulionyesha kuwa mama aliye na mtu wa kumtegemeza muda wote huelekea zaidi kuzaa kwa njia ya kawaida, na uchungu wake hufupika kidogo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mama anapojifungua awe na mtu wa kukaa naye, anayemtaka mwenyewe. Hapa Nairobi inategemea umeenda wapi. Kuna wodi ambamo vitanda vimebanana bila hata pazia, na muuguzi akikataa mgeni huwa anawalindia wengine siri yao. Simlaumu.

Ila mjini hapa naona tunahitajika zaidi nyumbani, kuanzia siku ya tatu hivi, wageni wakishaona mtoto wakaenda zao.

Kuna mama mmoja wa Kayole, ghorofa ya nne, maji ni ya kupandisha kwa mitungi ya lita 20. Mamake yuko Bungoma. Mumewe ni fundi wa mjengo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba wiki mbili za likizo, lakini anayelipwa kwa siku atamwomba nani? Nilipofika, matiti yalikuwa yamejaa hadi yanang'aa, mtoto analia, na jirani ameshatoa hukumu: maziwa hayatoshi, nunueni ya kopo.

Maziwa yalikuwepo tele. Mtoto alikuwa anashika ncha ya chuchu peke yake. Tulikamua kidogo ili titi lilainike, tukamgeuza mtoto tumbo lake liguse tumbo la mama, tukangoja apanue mdomo, akaingiza na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Alimeza, tukamsikia akimeza. Nikamwambia mama ahesabu nepi: kuanzia siku ya tano hivi, zikilowa sita au zaidi kwa siku, mtoto anashiba. Hapo ndipo alipolia yeye mwenyewe, kilio kirefu, nami nikamwacha alie. Machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Yasipoisha, au mama akianza kusema mtoto angekuwa heri bila yeye, huo ni ugonjwa, una matibabu, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tafadhali msimwambie ajikaze.

Mama mkwe wake alikuwa ametoka Murang'a na njahi, yale maharagwe meusi, nami nilifurahi sana kumwona, kwa sababu mzazi anahitaji kulishwa. Tulitofautiana juu ya maji moto tu. Binti alikuwa amepasuliwa, naye alitaka kumkanda tumbo.

"Mimi nimezaa sita na nikakandwa," akaniambia.

"Ni kweli, shosho, na mikono yako naihitaji. Tumkande mgongo na miguu. Kidonda tukiache kikauke."

Akafikiri, akaomba beseni lingine. Siku zilizofuata aliushughulikia huo ukandaji kuliko mimi, na mtoto akicheua alikuwa anambeba yeye ili mama alale.

Mimi hutazama pia yale ambayo aibu huyaficha. Pedi inayolowa chapa ndani ya saa moja. Harufu mbaya. Homa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kichwa kuuma sana huku macho yakiona ukungu, hata kama presha ilikuwa sawa siku ya kutoka wodini. Lolote kati ya haya, tunaita gari. Hatusubiri kliniki ya wiki ya sita.

Najua wengi hawana pesa za doula. Dada, shangazi au jirani mwenye moyo mtulivu anaweza kufanya sehemu kubwa ya haya akielekezwa mapema, nami huwaelekeza nikiitwa. Ukiwa na mimba ya miezi saba, nenda naye kliniki, mkachukue kile kijitabu cha mama na mtoto mkisome pamoja kurasa za dalili za hatari. Halafu muulize sista waziwazi: mnaruhusu mtu kukaa nami chumba cha kujifungulia, na je, usiku pia? Kuna wanaoruhusu mchana tu, na uchungu mwingi huanza usiku.