Mabuyu Kumi, Watoto Sifuri

Binti yangu ameniachia alama ya kidole chekundu cha mabuyu juu ya herufi K ya kibodi. Nimeifuta, haikutoka yote. Basi nikakumbuka Majengo, Mombasa, likizo ya Agosti 2012.

Chumba kilikuwa hivi: kompyuta sita, feni moja, na mimi nikijifanya mwalimu. Tulitumia Racket, lugha ya kuandikia programu ambayo hadi 2010 iliitwa PLT Scheme. Matthias Felleisen na wenzake, walioiunda, walikuwa na nia ya kufundisha tangu mwanzo, ndiyo maana ina ngazi ya wanaoanza, iliyopunguzwa makali. Kilichotuchosha ni mabano. Kujumlisha tu ni (+ 2 3), na ukisahau kufunga, huendi popote.

Kijana mmoja wa darasa la saba akaniuliza, "Mwalimu, hii if lazima iwe ya Kizungu?"

Nikavimba kichwa. Nikamwambia lugha hii imeundwa ili watu waunde lugha zao humo humo. Mbele ya wote nikatunga fanksheni, yaani kipande cha programu kinachopewa vitu na kurudisha jibu, nikaiita kama, ndani yake nikaificha ile if. Tukaijaribu, yaani 5 ikizidi 3 ijibu "kubwa", la sivyo "ndogo":

(kama (> 5 3) "kubwa" "ndogo")

Ikajibu "kubwa". Makofi. Yule kijana hakupiga. Alikuwa na kipakiti cha mabuyu pajani; akalamba kidole gumba, akakifuta kwenye kaptura, akaiambia kompyuta kuwa watoto ni 0, kisha akaandika kwa kidole kimoja, polepole:

(kama (= watoto 0) "hakuna wa kugawiwa" (/ 10 watoto))

Maandishi mekundu: umegawanya kwa sifuri.

"Lakini si nimeiambia watoto wakiwa sifuri isigawanye?" Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Feni ikazunguka. Akafuta kama, akarudisha if ya Kizungu, akabonyeza. Hakuna wa kugawiwa.

Jibu lilinijia kwenye feri, nikirudi Likoni. Fanksheni hupiga hesabu ya kila ilichopewa kabla haijaanza kazi. Mabuyu yalikwishagawanywa kabla sharti halijatazamwa. If yenyewe husubiri. Dawa ilikuwa define-syntax-rule, inayogeuza maandishi yenyewe kabla programu haijaendeshwa, na ngazi ya wanaoanza hainayo. Kesho yake nikaitoa ngazi hiyo, nikaandika #lang racket juu kabisa ili nipate Racket kamili, na kama yangu ikasubiri.

Kijana hakuwepo. Ameenda Kilifi kwa nyanyake, wenzake wakasema. Nikawaeleza wao, wakaitikia vile wanavyoitikia watoto wenye njaa.

Leo nimeiandika tena ile mistari, kwa kama iliyo sahihi. Watoto 0. Hakuna wa kugawiwa. Binti yangu, aliyekuwa akisoma begani pangu, akanyoosha mkono mwekundu.

"Baba, kwani mimi sipo?"