Mzee mchoraji wa Katuba alivyonifundisha kupiga foto ya sura

Nilianza kupiga foto za wachoraji na waandishi wa hapa Lubumbashi, Kongo, wazee hasa, sababu kuna kitu kilikuwa kinaniuma. Uliza vijana juu ya wachoraji wa zamani kama Pilipili Mulongoy, ao Bela aliyekuwa anachora na vidole, ao Mwenze Kibwanga, wote walipitia ile atelye ya Hangar, karakana ya wachoraji ya Romain-Desfossés iliyoanza 1946. Kazi zao labda wameziona, lakini sura zao hapana. Nikasema hawa wenye wako hai tusiwaache hivyo.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Katuba, komini ya hapa Lubumbashi, kazi yake ya miaka mingi ni kuchora sura za watu, familia inamuletea kafoto ka kitambulisho ka marehemu, kamechakaa, yeye anakakuza kwenye turubai. Nikamsimamisha mbele ya ukuta mweupe saa sita mchana, jua kali, nikapiga foto zaidi ya 80. Usiku nazifungua kwenye kompyuta, uso mweusi tii, macho mashimo mawili, ukuta unawaka. Niliumia sana. Kamera inapenda kila kitu kiwe kijivu cha katikati, sasa ikikutana na ukuta mweupe mwingi inapunguza mwanga, na mwenye kulipa ni mtu mweusi aliyesimama pale mbele.

Nikarudi kumuomba yule mzee ruhusa tena. Akaangalia zile foto kwa muda mrefu, akasema: "Mwana, mu sura ya muntu mweusi hamuna rangi nyeusi." Akashika brashi akanionyesha, kahawia, nyekundu kidogo kwenye shavu, na kwenye paji la uso, pale mbingu inapogusa, anaweka bluu! Nyeusi anaitunza kwa mboni ya jicho tu. Hiyo bluu miaka yote sikuwahi kuiona, na mimi njo mwenye kamera.

Basi tukaingia ndani, saa nne asubuhi, dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, yeye anakaa karibu nalo, nyuma yake giza la chumba, upande wa pili shuka jeupe juu ya kiti ili lirudishe mwanga kidogo. Lenzi ya milimita 50, tundu la lenzi f/2.8, kasi 1/125 ya sekunde, wepesi wa kamera kwa mwanga ISO 400, na mwanga nikapima kwenye shavu peke yake, siyo chumba kizima. Sikumwambia acheke, tuliongea tu juu ya wale marehemu aliowachora, na bluu ikatokea kwenye paji la uso wake, yani palepale aliponionyesha.

Nikamupelekea foto moja ya sentimita 20 kwa 30. Akaileta karibu na macho, akaweka kidole chini ya kidevu: "Hapa uliacha kijani." Ni kweli, mlango wake una rangi ya kijani na ulikuwa wazi, rangi yake ikarudi kidevuni. Jumamosi ninarudi, tutaufunika na kitambaa.