Vitabu vya Kaskazini, Anga la Kisumu

Kazi yangu ni omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Nanunua kwa karai ufuoni Dunga, naanika juu ya nyavu kuukuu, nauza kwa gorogoro mjini. Aliye kwenye biashara hii hufuata mwezi kuliko kalenda. Wavuvi wa omena huwasha taa juu ya maji usiku na samaki wakaifuata. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, mashua zinalala nchi kavu, nami nakaa nyumbani. Giza likirudi kazi inarudi, na saa kumi na moja alfajiri niko ufuoni nangoja mashua ziingie.

Naanza na hayo kwa sababu ndiyo yaliyonipa ratiba ya kusoma. Siku za mwezi mpevu nilisoma, siku za giza nilitazama. Sikuipanga hivyo, ziwa ndilo lililopanga.

Mapenzi yangu ya nyota ni ya bibi yangu. Nimezaliwa Kaloleni, hapa hapa Kisumu, na bibi alikuwa na methali yake ya Kilimia, ile ya watu wa pwani: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Alinionyesha kile kishada cha nyota ndogo nikiwa na miaka sita au saba. Mwisho wa Shaabani alitupandisha mahali pa wazi tutafute mwezi mwandamo, na kila mara tuliuona umelala chali kama mashua. Basi, elimu yangu ya falaki iliishia hapo kwa miaka mingi.

Jumapili moja mwaka 2022 nilikuwa Kibuye nikitafuta sweta ya mtoto. Kando ya marundo ya nguo kijana mmoja alikuwa amemwaga vitabu vya Kiingereza juu ya turubai. Nikamuuliza kama ana kitabu cha nyota. Akanipa cha kubashiri bahati kwa tarehe ya kuzaliwa.

"Si hicho, kaka. Nataka cha nyota zenyewe."

Alichimbua hadi chini akatoa kimoja kisicho na jalada, shilingi 150. Kilikuwa maisha ya William Herschel na dada yake Caroline. Nilimaliza kidato cha nne lakini Kiingereza cha kitabu kile kilikuwa kizito, kwa hiyo nilisoma kurasa tatu nne kwa siku, kamusi pembeni, na neno lililonishinda nilimngojea binti yangu arudi shule. Kilinichukua miezi mitano ya siku za mwezi mpevu.

Sijawahi kusoma kitu kilichonishika vile. William alikuwa mwanamuziki katika mji wa Bath, Uingereza, akipiga kinanda kanisani na kufundisha watoto wa matajiri. Darubini alizozitaka hakuziweza kwa bei, akajifunza kusubu na kusugua vioo vyake mwenyewe nyumbani. Kioo kikishaanza kusuguliwa hakiachwi, na siku moja alisugua saa 16 bila kuondoa mkono. Caroline ndiye aliyekuwa akimlisha, tonge kwa tonge, mdomoni. Tarehe 13 Machi 1781, akiwa bustanini kwake, William aliona nyota iliyokuwa na duara badala ya kuwa nukta. Alidhani ni nyota yenye mkia, yaani kometi. Ikaja kujulikana ni sayari, Uranus, sayari ya kwanza kugunduliwa kwa darubini tangu watu waanze kutazama juu.

Ila mimi moyo wangu ulikwenda kwa Caroline. Ugonjwa wa utotoni ulimfanya asirefuke, na mama yake alimtaka awe mtumishi wa nyumba tu. Alijifunza hesabu kwa kumuuliza kaka yake wakati wa kula. Usiku mmoja wa baridi, mwisho wa mwaka 1783, akikimbia kwenye theluji gizani kumsaidia William kugeuza darubini, kulabu ya chuma ilimwingia mguuni na kutoka na nyama. Mimi nimewahi kuchomwa na ndoano mkononi, nikaacha kazi siku mbili. Yeye alirudi kwenye darubini. Tarehe 1 Agosti 1786 aligundua nyota yake ya kwanza yenye mkia, na hadi mwaka 1797 alikuwa amegundua 8. Mfalme alimpa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini nikatoka nje kidogo, maana nilitaka kuwa peke yangu na habari ile.

Mpwa wangu aliporudi kutoka Mombasa aliniletea darubini ya macho mawili, ya zamani lakini nzima, iliyoandikwa 7x50. Maana yake inakuza mara 7 na vioo vyake vya mbele vina upana wa milimita 50. Nikaongeza kitabu cha pili, mwongozo wa anga kwa wanaoanza, nikadhani sasa nimekamilika.

Hapo ndipo nilipopotea karibu mwaka mzima. Mwongozo ule ulisema kila kitu kianzie Nyota ya Kaskazini: ichukue hiyo kwanza, kisha pima kutoka hapo. Nilitafuta. Nilikwenda ufuoni, nikapanda juu ya nyumba, nikasimama barabarani alfajiri. Hamna. Niliamini macho yangu ni mabovu au akili yangu ndogo. Kitabu kilichapishwa, mimi ni muuza omena, nani atakuwa amekosea?

Jibu nililipata katika kitabu cha mabaharia nilichosoma maktaba. Nyota ya Kaskazini husimama juu ya upeo wa macho kwa digrii zilezile za latitudo yako. Aliye London huiona juu, kwenye digrii 51. Kisumu iko kusini kidogo ya ikweta, na mstari wenyewe unapita Maseno, safari fupi ya matatu kutoka mjini. Kwetu nyota hiyo iko chini kabisa ukingoni mwa dunia, na upande wa kaskazini tuna vilima vya Riat. Nilikuwa nikitafuta kitu kilichojificha nyuma ya mlima.

Tangu siku hiyo nilianza kusoma vitabu hivi kwa jicho jingine. Karibu vyote vimeandikwa na watu wa kaskazini, wasioona anga lote. Mwezi mwandamo wanauchora umesimama kama mundu, wa kwetu umelala. Jabari, yule mwindaji mwenye nyota tatu kiunoni, wanamchora amesimama wima, na kwetu huchomoza amelala ubavu. Ukishajua hilo unageuza ukurasa upande na picha inakubali.

Na kuna walichokikosa wao. Edmond Halley, akiwa na miaka 20, aliacha masomo Oxford mwaka 1676 akasafiri kwa meli hadi kisiwa cha Saint Helena ili aone nyota za kusini tu. Lacaille, Mfaransa, alikwenda Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 akapima nyota karibu 10,000 kwa darubini ndogo mno. Mwaka 1834 John Herschel, mtoto wa William, naye alihamia huko na familia yake kwa miaka minne. Watu hawa walivuka bahari kwa ajili ya nusu ya anga. Mimi mwisho wa Mei, saa tatu usiku, nikisimama Dunga naona Salibu, ule msalaba wa nyota, upande wa kusini, na nikigeuka tu naona nyota saba za Dubu Mkubwa upande wa kaskazini, zote mbili kwa wakati mmoja. Sikulipa nauli ya meli.

Kuhusu John kuna jambo ambalo siliachi kila nikizungumza na mtu. Caroline alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 80, amerudi kwao Hanover, na alimwandikia mpwa wake amtazamie mahali fulani ndani ya kundi la nyota la Nge. Kaka yake aliwahi kuona pale weusi usio na nyota, akaona kama ni shimo angani. Nge huko kwao hutambaa chini sana, haonekani vizuri. Leo inajulikana kuwa sehemu za namna hiyo ni mawingu ya vumbi yanayoziba nyota za nyuma yake. Usiku wa Julai Nge hupita juu sana hapa kwetu. Nililala chali juu ya mashua iliyopinduliwa nikamtazama kwa darubini kwa niaba ya yule shangazi. Mpaka leo ndiyo sehemu ya anga ninayoipenda kuliko zote.

Kutoka hapo nikapata njia yangu: maisha ya mtu mmoja, kisha kitu chake kimoja angani. Simalizi kitabu mpaka nimekiona. Kwa Galileo nilitafuta miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii (Jupiter), aliyoiona Januari 1610. Kwa mikono mitupu picha inatetemeka. Nikiegemeza darubini kwenye nguzo ya kuanikia nyavu naona vinukta vimejipanga mstari mmoja, kesho yake vimebadilisha nafasi. Kwa Halley nilitafuta Omega Centauri, aliyoiandika mwaka 1677. Kwa darubini yangu ni kama pamba iliyolowa, ila kitabu kinasema ni mamilioni ya nyota. Kwa al-Sufi, mtaalamu wa nyota aliyeandika kwa Kiarabu huko Isfahan, Uajemi, mwaka 964, nilitafuta kile alichokiita wingu dogo, ambacho leo tunakijua kama galaksi ya Andromeda.

Al-Sufi alinifungulia jambo ambalo mwalimu wangu wa madrasa angefurahi kulisikia. Majina magumu ya vitabu vya Kiingereza mengi ni Kiarabu kilichochakaa. Deneb ni dhanabu, mkia. Rigel ni rijli, mguu wa Jabari. Aldebaran ni anayefuata, na anayefuatwa ni Kilimia cha bibi yangu. Sikuhitaji kamusi.

Sasa Uranus. Niliiogopa kwa muda mrefu, kwa sababu bila darubini kubwa haina duara wala haina mvuto, ni kinukta kati ya vinukta. Lakini huchukua miaka 84 kuzunguka jua, na kwa bahati miaka hii imefika jirani na Kilimia. Programu ya simu ya binti yangu ilionyesha kuwa Novemba 2025 ingekuwa kusini kidogo ya kishada. Binti akasema, "Mama, si uangalie tu kwenye simu, umeshaiona." Nikamwambia sitaki kuambiwa iko wapi. Nataka kuikamata ikitembea, kama William alivyoikamata.

Novemba ni mwezi wa mvua za vuli na mawingu yalininyima alfajiri nyingi. Tarehe 20, mwezi ukiwa gizani, anga lilifunguka. Kilimia kilikuwa kikishuka upande wa magharibi juu ya ziwa. Niliegemea nguzo yangu nikachora kwenye daftari kila nukta niliyoiona upande wake wa kusini, 14 kwa jumla, kwa penseli, nikiziba mwanga wa taa za mashua kwa leso. Jaduong' mmoja, mzee anayeshona nyavu pale, alisogea.

"Mama, unahesabu nini huko juu?"

"Kuna mmoja kati ya hawa anatembea, jaduong'. Simjui bado."

Alitazama muda mrefu kisha akasema mimi niendelee, yeye atanishikia nafasi kwenye foleni ya mashua. Akafanya hivyo.

Tarehe 17 Desemba, giza lilipokaribia kurudi, Kilimia kilikuwa hakionekani tena alfajiri, kwa hiyo nilikitazama saa mbili usiku nikiwa juu ya nyumba Kaloleni, kikipanda mashariki. Kwa nusu saa hakuna kilicholingana na mchoro. Nikakata tamaa kidogo. Kisha nikakumbuka: kwetu ikwetani kundi la nyota linalochomoza na kundi hilohilo likizama hugeuka juu chini. Nikageuza daftari kichwa chini. Nukta zikakaa kila moja mahali pake, 13 kati ya 14. Ile moja ilikuwa imehama, karibu mara mbili ya upana wa mwezi.

Nilimwita binti yangu apande. Alishika darubini, nikashika daftari na tochi ya simu niliyoifunika kwa kitambaa chekundu. Akatazama nukta, akatazama karatasi, akanyamaza, kisha akaomba penseli aandike tarehe yeye mwenyewe. Kwenye ukurasa ule kuna mwandiko wake chini ya wangu.

Sasa ninasoma juu ya Leslie Peltier, kijana wa shamba huko Ohio, Marekani, aliyechuma stroberi kwa senti mbili kila kipimo hadi akapata dola 18 za kununua darubini yake ya kwanza. Mwaka 1918 alianza kuandika mwanga wa nyota moja katika kundi la Simba, inayong'aa na kufifia kwa mzunguko wa siku 310 hivi, na aliendelea kutazama nyota za namna hiyo kwa zaidi ya miaka 60. Iko jirani na Regulus, ile ambayo Waarabu waliiita moyo wa simba. Bado sijaiona. Nimeshachora majirani zake wote, na pale inapotakiwa kuwa nimeacha nafasi wazi kwenye karatasi.