Amplifaya ya baba mkubwa: kilichobadilisha sauti na kisichobadilisha kitu

Nilipoanza kuulizia hapa Tabora namna ya kuiboresha amplifaya ya zamani, nilipewa ushauri wa aina mbili, na wote ulikuwa mbovu. Wapo walioniambia niitupe, ninunue sabufa mpya yenye rimoti na taa za rangi. Wengine, tena watu wenye meza zao za ufundi, walisisitiza ning'oe transista za kutolea sauti, yaani vifaa vinavyosukuma umeme kwenda kwenye spika, niweke kubwa zaidi, ili sebule ipige kama ukumbi wa harusi. Sikufuata upande wowote, na sauti iliyopo sasa nyumbani kwangu Cheyo imewanyamazisha wote waliokuja kuisikiliza wakiwa na mashaka. Naandika kwa sababu najua katika nyumba nyingi za mji huu, hasa za familia zilizofanya kazi reli, kuna mashine kama hii imelala juu ya kabati, na wenyewe wanakaribia kuiuza kwa bei ya chuma chakavu.

Yangu ni Sansui ya miaka ya 1970, ya wati 25 kila upande, niliyoachiwa na baba mkubwa. Ukiacha shoti nitakayoieleza, nilipoweza kuiwasha ilikuwa na maradhi matatu: ilivuma hata pasipo muziki, upande wa kulia ulikuwa ukififia na kurudi wenyewe, na usiku, unapopunguza sauti ili watoto walale, muziki ulikuwa unakwaruza. Jambo ambalo hakuna fundi aliyeniambia, na ambalo ningependa kila mmoja alijue kabla hajatoa hata shilingi, ni kwamba maradhi hayo hayatokani na udhaifu wa usanifu wa wakati ule. Yanatokana na umri wa vifaa vichache vinavyojulikana, na vingi kati ya hivyo bei yake ni ndogo.

Nilipoondoa kifuniko nilikuta vumbi letu jekundu limeganda kila mahali, nyumba ya udongo ya nyigu ubavuni mwa transfoma, na mjusi aliyekauka, tumbo lake limelalia miguu ya dayodi, vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Penye fyuzi, fundi fulani wa miaka ya nyuma alikuwa ameviringisha waya wa shaba. Hasira ya waya ule haijanitoka hadi leo. Fyuzi ni kitu cha bei ya andazi na imewekwa ife yenyewe ili transfoma ipone. Transfoma ya mashine hii ikiungua, huipati dukani Tabora wala Mwanza.

Kwa kuwa sikujua ndani mna hitilafu gani nyingine, sikuiwasha moja kwa moja kwenye umeme. Nilitumia balbu, na hapa naomba msomaji anifuate kwa makini, kwa sababu mbinu hii imeokoa mashine yangu. Unachukua balbu ya kizamani ya waya unaowaka, ya wati 60 au 100, unaiunga kwa mfuatano kwenye waya mmoja wa umeme unaokwenda kwenye amplifaya, yaani umeme hauwezi kuifikia amplifaya bila kupita kwanza kwenye balbu. Ikiwa ndani hamna shoti, balbu itawaka kwa nguvu kwa muda mfupi wakati kapasita kubwa, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme, zinajaa, kisha itafifia. Ikiwa ndani mna shoti, balbu itabaki inawaka kwa nguvu, nayo itakuwa imeubeba umeme wote ambao ungekwenda kuunguza transfoma. Balbu za LED hazifai kabisa kwa kazi hii, na madukani sasa ndizo zilizojaa, hivyo nilizunguka sana hadi mama mmoja jirani anayefuga kuku akaniuzia moja ya zile anazowashia vifaranga joto. Niliiunga, nikabonyeza swichi, balbu ikawaka kama ilivyokuwa ikiwaka bandani, na haikufifia. Nikazima. Nilipopima kwa mita nikakuta dayodi mojawapo, pale pale alipokuwa amelala yule mjusi, inapitisha umeme pande zote mbili. Nilibadilisha dayodi zote nne, nikarudisha fyuzi ya kweli, nikawasha tena, na balbu ikamulika mara moja na kufifia hadi uzi wake ukabaki mwekundu kwa mbali. Furaha niliyoipata pale ilizidi hata ya siku niliyosikia muziki.

Kabla ya kushika chochote ndani, kapasita kubwa lazima zitolewe umeme uliobaki, hata kama mashine ilichomolewa jana. Tumia rezista (kifaa kinachoupunguzia umeme kasi) nene ya omu mia hivi, uishike kwa koleo lenye mpira. Kuzigusisha kwa bisibisi, kama wafanyavyo wengi kwa kujionyesha, hutoa cheche inayoweza kuharibu kapasita yenyewe.

Mvumo una namna yake ya kujieleza. Ukizungusha kitufe cha sauti na mvumo ukapanda na kushuka pamoja nacho, tatizo linaingia kutoka nje, mara nyingi kwenye waya za kuingizia muziki. Usipobadilika kabisa, tatizo liko kwenye sehemu ya umeme, na wangu haukubadilika. Umeme wetu ni wa hezi 50, ukishapita kwenye dayodi unakuwa mawimbi 100 kwa sekunde, na kazi ya kapasita kuu ni kuyalainisha mawimbi hayo yasifike kwenye spika. Ndani ya kapasita hizo mna majimaji ambayo hukauka taratibu kwa miaka, na zikikauka haziwezi tena kulainisha. Nilibadilisha zile kuu mbili pamoja na ndogo zote za jamii hiyo zilizo kwenye bodi, nikizingatia uwezo ule ule, volti sawa au zaidi, na alama ya hasi ikae ilipokuwa, kwani ikigeuzwa kapasita hupasuka. Chukua zilizoandikwa nyuzi 105, uache za 85. Kapasita hukadiriwa kuishi muda maradufu kwa kila nyuzi kumi za joto zinazopungua, na anayeijua Oktoba ya Tabora hahitaji maelezo zaidi. Zote, pamoja na nauli ya kifurushi kutoka Kariakoo, hazikufika laki moja. Mvumo uliisha.

Upande wa kulia uliokuwa ukififia haukuhitaji kifaa kipya hata kimoja. Swichi za mbele na vitufe vya kuzungusha vilikuwa na kutu nyembamba, nikavipulizia dawa ya kusafishia kontakti na kuvizungusha mara nyingi, basi. Kuna mtu alinishauri nitumie petroli. Ninamwomba asimshauri mwingine. Kipimo nilichotumia kujua kama pande mbili zimelingana ni nyimbo za Kiko Kids na Tabora Jazz, bendi za hapa hapa kwetu, kwa sababu rekodi zile za zamani ni za mono, sauti moja inayotoka sawasawa kulia na kushoto. Ukikaa katikati ya spika mbili, mwimbaji anapaswa kusimama katikati yake kabisa, mahali pasipo na spika yoyote. Akisogea upande, ujue upande mwingine una udhaifu. Kabla ya usafi, mwimbaji alikuwa amehamia dirishani.

Ule mkwaruzo wa usiku ulitokana na jambo ambalo wengi hawalipimi. Transista za kutolea sauti hufanya kazi kwa zamu, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, na lazima umeme kidogo uzipitie wakati wote ili zamu zikabidhiane bila pengo. Umeme huo ukipungua kwa sababu ya uzee, pengo hutokea, na husikika zaidi sauti ikiwa ndogo. Kuna skrubu ndogo ya kuurekebisha kila upande, na kiasi chake kimeandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha mashine. Iachwe mashine ipate joto nusu saa kwanza, kisha ndipo ipimwe na kurekebishwa. Wakati huo huo pima milango ya spika, spika zikiwa zimechomolewa na muziki umezimwa: mita ikionyesha zaidi ya milivolti 50 za umeme wa moja kwa moja (DC), usirudishe spika mpaka chanzo kijulikane. Vilevile nyuma ya mashine kuna kichagua volti. Yangu ilikuwa kwenye 220, ilhali umeme wa nyumbani kwangu mara nyingi unapanda kupita 240, nikaipeleka kwenye 240, na joto la kifuniko likapungua waziwazi.

Mpaka hapo nilikuwa nimeirudisha mashine ilivyotoka kiwandani. Swali la kuiongeza ubora lilikuja na shemeji yangu, fundi mzuri wa redio aliyepo Dar es Salaam, ambaye alipanda treni kuja kutusalimia akiwa na kapasita za filamu, zile za plastiki nyembamba zisizo na majimaji, za bei kubwa, kila moja ikiwa na gharama ya kapasita za kawaida za bodi nzima. "Shemeji," aliniambia, "hizi ukiziweka kwenye njia ya sauti utadhani umevuliwa pamba masikioni." Nilimkubalia kwa sharti kwamba tuziweke upande wa kushoto peke yake, wa kulia ubaki na zile za kawaida nilizoweka mimi, ili tulinganishe kwa haki.

Tulitumia spika moja na wimbo wa mono, na nyuma ya pazia nikawa nahamisha waya kutoka mlango wa kushoto kwenda wa kulia bila wasikilizaji kujua. Wasikilizaji walikuwa shemeji mwenyewe, mama watoto, na kijana wa jirani anayepiga kinanda katika kwaya ya kanisa. Shemeji alitaka tuanze mara moja bila kupima chochote. Wote watatu waliuchagua upande wenye kapasita za bei, na shemeji alisimama akacheza. Ndipo nilipoleta mita. Kwenye simu nilicheza mlio mmoja usiobadilika wa hezi 100, nikapima volti za kila mlango: wa kushoto ulitoa 2.3, wa kulia 2.0. Tofauti hiyo ni kama desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja na kidogo, ndogo mno kwa sikio kuitambua kuwa ni kelele zaidi, lakini inatosha kulifanya sikio liseme huu ni mtamu zaidi. Nilizungusha kitufe cha kulinganisha pande hadi mita ikasoma sawa, nikarudi nyuma ya pazia. Baada ya hapo hakuna aliyeweza. Walipatia na kukosea kama mtu anayerusha shilingi, na yule kijana wa kwaya, mwenye masikio makali kuliko sisi sote, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba hasikii tofauti yoyote. Shemeji ni mtu mwungwana. Alikubali, akazichomoa kapasita zake akarudi nazo. Anayetaka kujua kama pesa yake imebadilisha sauti, na afanye jaribio hili, na asikubali kusikiliza kabla mita haijasema pande zimelingana.

Kuhusu transista kubwa, hoja yangu ni fupi. Nguvu ya amplifaya inawekewa mpaka na transfoma na volti inazotoa, hivyo transista kubwa juu ya transfoma ile ile hazitoi wati mpya. Hata ungezipata wati mara mbili, ungeongeza desibeli tatu tu, na ili sikio lione sauti imekuwa mara mbili unahitaji karibu mara kumi ya wati. Zaidi ya hapo, jozi maarufu ya transista za 2SC5200 na 2SA1943 imeghushiwa sana duniani, na feki hufa siku ya kwanza unapopandisha sauti, mara nyingine ikiondoka na spika. Kama zako ni nzima, ziache.

Pesa ambayo ningeitia huko niliitia kwenye spika na chumba, na huko ndiko sauti iliposogea kwa kiasi ambacho hata mgeni asiyejua habari hizi alikiona. Ukingo wa sponji unaoshikilia koni za besi ulikuwa umeoza na kumeguka kwa kidole. Nilibandika mpya, kazi ya jioni moja na subira. Niliziondoa spika kwenye kona za ukuta, ambako besi huvimba na kuzima maneno ya mwimbaji, nikaziinua juu ya stuli hadi spika ndogo za juu zikalingana na masikio ya aliyeketi. Sebule yangu ni ya sakafu ya vigae na kuta tupu, kila mlio ulikuwa unarudi, hivyo nililaza zulia na kutundika pazia zito. Mama watoto aliyefurahia pazia hajawahi kujua kwamba nililinunua kwa ajili ya ngoma za Nyanyembe Jazz.

Kwa wanaouliza namna ya kuunga simu: tumia tundu lililoandikwa AUX au TAPE, kamwe si PHONO. Tundu la PHONO limetengenezwa kwa sindano ya santuri, ambayo umeme wake ni mdogo mno, kwa hiyo linaukuza mara nyingi na kuongeza besi kwa makusudi. Simu ikiingia hapo sauti inatoka imepasuka, na watu huishia kuilaumu amplifaya. Sauti ya simu ipandishwe karibu ya mwisho, kisha upunguzie kwenye amplifaya. Ukisikia mlio mwembamba wa mluzi wakati simu iko kwenye chaji, chomoa chaja kwanza kabla hujaita fundi.