Noti ya arobaini na tatu

Nilikuwa nimefika noti ya 43 vidole vilipoanza kufa ganzi. Ilikuwa mwisho wa Novemba 2022, siku ya mishahara, na tawi letu la benki hapa Kariakoo limejaa mpaka mlangoni kwa mlinzi. Mbele ya dirisha langu alisimama baba mmoja muuza vitenge na furushi la noti za elfu kumi kumi. Mimi nina mazoea ya kuhesabu bunda la kwanza kwa mkono kabla ya kutumia mashine. Arobaini na moja, arobaini na mbili, arobaini na tatu. Hapo vidole vikawa kama si vyangu. Kifua kikabana, moyo ukaanza kwenda mbio, sauti za watu nikawa nazisikia kama zinatoka chumba cha pili. Jasho linanitiririka mgongoni na kiyoyozi kinapuliza. Nikawaza jambo moja tu: nakufa hapa, na mwanangu anatoka shule saa tisa, hakuna wa kumpokea.

Nikaweka kibao cha "Dirisha limefungwa", nikaenda chooni nimeshika ukuta. Nilikaa humo nikihema kama niliyekimbizwa. Baada ya kama robo saa hali ikatulia yenyewe. Nikanawa uso, nikarudi, nikamwomba radhi yule baba. Msimamizi wangu alipouliza nikamwambia tumbo.

Jioni, ndani ya basi la mwendokasi kutoka Gerezani kwenda Kimara, ikanishika tena. Nilishuka Magomeni, nikakaa kituoni mpaka giza likaingia, nikachukua bodaboda.

Hospitali ya kwanza walinipima presha, sukari, malaria, wakanifunga nyaya kifuani kuangalia moyo. Kila kitu kizuri. Nikaambiwa ni gesi, nikapewa dawa za tumbo. Nataka hapa niseme wazi, kwa anayesoma na kifua kimembana leo kwa mara ya kwanza: nenda ukapimwe. Usijitibu kwa kusoma hadithi yangu. Moyo unaweza kuwa na shida ya kweli, na hata upungufu wa damu au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya mbio namna hiyo. Mimi nilipimwa hivyo vyote baadaye.

Kuna jambo sikulisema hospitali, kwa sababu halikunijia akilini kwamba linahusika. Septemba ya mwaka huohuo nilipata shoti. Waliowahi kukaa dirishani wanajua neno hilo linavyoingia tumboni. Saa ya kufunga hesabu, droo yangu ilipungua shilingi 800,000. Tulihesabu upya, tukapekua risiti moja moja, tukaangalia hata chini ya zulia, mpaka saa tatu usiku. Haikuonekana. Hakuna aliyeniita mwizi. Nilisaini karatasi, nikakatwa kwenye mshahara miezi minne mfululizo, basi. Ila tangu siku ile kila bunda nililoshika lilikuwa linaniuliza swali. Nikiwa nyumbani napika, mikono inahesabu. Nikilala, naota droo.

Watu huita haya yote msongo wa mawazo. Neno hilo halikunisaidia kabisa, na nadhani linawachelewesha wengi. Siku ile dirishani sikuwa na mawazo yoyote yaliyonisonga. Nilikuwa nahesabu tu, nimetulia, na mwili ukaamua peke yake kwamba kuna simba chumbani. Ningeambiwa mapema kwamba hofu inaweza kuanzia mwilini na kuja kichwani baadaye, ningetafuta msaada mapema.

Mwaka 2023 wote niliupoteza kwa kujificha. Niliacha chai ya asubuhi. Niliacha mwendokasi, nikawa nalipa bodaboda pesa ambayo ingenunua unga wa wiki. Harusini nakaa karibu na mlango. Nilijua vyoo vyote vya jengo letu na kipi kina kitasa kinachofunga. Siku zilizonishinda nilipiga simu nikasema nina malaria. Nilifanya hivyo siku tisa kwa mwaka mmoja. Dada wa dirisha la nne aliniletea juisi ya rozela kwenye chupa, akaniambia, "Kunywa dada, malaria zako hizi zitakumaliza damu." Niliinywa mbele yake. Ile juisi iliniuma kuliko makato ya mshahara.

Mama yangu, aliyeko Tanga, alikuwa wa kwanza kujua. Nilikwenda likizo, nikashikwa usiku, akanikuta nimekaa sakafuni. Aliamini ni jicho la watu, kwa sababu nimepata kazi ya benki na wenzangu wa mtaani hawakupata. Akaniitia maalimu, nikasomewa, nikaandikiwa kombe nikanywa. Siwezi kulidharau hilo. Mkono wa mama kichwani, na sauti ya kisomo, vilinituliza kuliko vidonge vya tumbo. Lakini niliporudi Dar es Salaam, Jumatatu dirishani, ilirudi. Nilimpigia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, imerudi?" Nikalia. Akasema, "Dua tutaendelea nayo. Na hospitali nenda, ila safari hii waambie yote."

Februari 2024 nikaenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya serikali. Nilivaa ushungi na barakoa ili nisitambulike. Hapa kwetu mtu akisikika anamwona daktari wa akili, wa kwanza kucheka atasema "Mirembe", kana kwamba ile hospitali ya Dodoma ni jina la tusi. Kwenye benchi nilikaa na mwalimu, dereva wa lori, na binti wa chuo. Kila mtu alikuwa ameshika simu yake, anasubiri kuitwa, kama kliniki nyingine yoyote.

Daktari aliniuliza: kabla ya ile siku, kulitokea nini? Nikamweleza shoti, kwa mara ya kwanza, nzima. Kisha akanichorea. Mwili ukidhani kuna hatari humwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi ili misuli ipate damu ya kukimbilia. Unaanza kuhema haraka. Ukihema haraka bila kukimbia unatoa hewa ya kaboni dioksidi kupita kiasi, na ikipungua kwenye damu ndipo vidole vinakufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi. Wewe ukihisi ganzi unaogopa zaidi, unahema zaidi. Shambulio la hofu namna hiyo mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika kama kumi, halafu hushuka, kwa sababu mwili hauwezi kukaa pale juu. Nilimuuliza mara mbili kama kweli lazima itashuka. Akasema, "Umeshawahi kupata ambayo haikushuka?"

Shosti mmoja alikuwa amenishauri nipumulie kwenye mfuko wa karatasi. Daktari alikataa, maana ikiwa tatizo ni pumu au moyo, mfuko unaweza kumdhuru mtu. Alinifundisha kuvuta pumzi polepole kwa hesabu ya nne mpaka tumbo lijae, kisha kuitoa kwa hesabu ya sita. Diazepamu niliyokuwa nimenunua duka la dawa akaniomba niiache, kwa sababu mwili huizoea na kuidai. Alinianzishia fluoksetini miligramu 20 kwa siku. Wiki ya kwanza nilikuwa na mashaka zaidi kuliko kabla, alikuwa amenitahadharisha. Nafuu niliiona wiki ya nne au ya tano.

Lakini dawa haikuwa jambo kubwa kwangu. Jambo kubwa ni aliloniambia kwenye kikao cha tatu cha mazungumzo: kila ninapokimbilia chooni, hofu inajifunza kwamba choo ndicho kilichoniokoa. Kesho yake inadai choo mapema zaidi. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kubaki. Kidogo kidogo. Kwanza mwendokasi kituo kimoja, Kimara mpaka kituo kinachofuata, nishuke. Wiki nyingine vituo vitatu. Ilinichukua mpaka Juni kufika Gerezani nimesimama katikati ya watu bila kushuka njiani. Siku hiyo nilimnunulia mwanangu chipsi mayai na hakujua kwa nini.

Kazini ilibaki siri. Mpaka tarehe 10 Oktoba 2024, Siku ya Afya ya Akili Duniani, ambayo mwaka ule ilihusu afya ya akili mahali pa kazi. Kwenye kikao cha asubuhi msimamizi wetu alisoma ujumbe uliotumwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria siku bilioni 12 za kazi hupotea kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Wenzangu wakaguna. Mimi nilikuwa nazihesabu tisa zangu, zile za malaria, nikijua ziko humo.

Saa ya chakula nikagonga mlango wake. Nilisema, "Bosi, zile malaria hazikuwa malaria." Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema dada yake alikuwa hivyohivyo miaka mingi wakidhani ni mashetani. Akaniambia likizo ya ugonjwa ni haki yangu bila kudanganya. Nilikwenda kuisoma mwenyewe: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Cheti cha malaria na cheti cha kliniki yangu ni cheti kilekile.

Alitaka kunihamishia nyuma, kwenye mafaili, kwa nia njema kabisa. Nilishukuru nikakataa. Tulikubaliana jambo dogo zaidi: nikihitaji, naweka kibao dakika tano, nabaki kwenye kiti changu, na dada wa dirisha la nne anapokea foleni yangu. Yeye naye nilimweleza. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na rozela yangu ulikuwa unaipenda lakini?"

Bado hunijia. Alhamisi iliyopita ilinijia mama mmoja akiweka fedha za kikoba. Nilikuwa kwenye ishirini na kitu. Nikaweka kibao, nikaegemeza mgongo kwenye kiti, nne ndani, sita nje, ganzi imepanda mpaka kwenye viwiko. Sikuinuka. Yule mama alinitazama kupitia kioo akasema, "Polepole mwanangu, hatuna haraka." Ganzi ilipoteremka nikaondoa kibao, nikachukua bunda lake, nikaanza tena na noti ya kwanza.