Karani wa Efeso Angesema Nini Juu Yetu?

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii nimekuwa na uzito moyoni, nao umetokana na sauti iliyorekodiwa ambayo imepita katika simu zetu. Wengi wenu mmeisikia. Ndugu mmoja anaigiza sala za watu wa imani nyingine, anabana sauti, anayakejeli maneno ambayo kwao ni matakatifu, na nyuma yake watu wanaangua kicheko. Kilichonichoma zaidi si yeye, ni jinsi tulivyoipokea. Vicheko, amina, na "watumie na wengine".

Usiku huo nilifungua Matendo ya Mitume sura ya 19, ile ghasia ya Efeso. Ni habari tuliyoizoea, lakini safari hii nilinaswa na mtu ambaye huwa tunampita haraka: karani wa mji.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Demetrio mfua fedha anaona biashara yake ya vihekalu vya Artemi, mungu wa kike wa mji ule, inayumba kwa sababu ya mahubiri ya Paulo, anawachochea mafundi wenzake, mji mzima unachafuka. Wanawakamata Gayo na Aristarko, wenzake Paulo, na kukimbia nao hadi mahali pa michezo. Magofu yake yapo mpaka leo huko Uturuki, na wataalamu wanakadiria kwamba palienea watu wapatao 25,000. Kwa muda wa saa mbili umati unapaza sauti kumtukuza Artemi, ambaye hekalu lake lilihesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya ulimwengu wa kale. Luka anasema wengi wao hawakujua hata walikusanyikia nini. Ndipo anasimama karani, mtu wa dini ileile ya umati, anayejivunia kwamba Efeso ndiyo mtunzaji wa hekalu la Artemi. Anawatuliza, kisha anawaambia kwamba watu hao waliowaleta hawakuiba vitu vya hekalu, wala hawakumtukana mungu wao.

Yaani siku ile kanisa lilipokuwa hatarini, aliyesimama kulitetea ni mtu asiyeamini, na utetezi wenyewe ulikuwa huo tu: hatujawasikia wakitutukana.

Asije mtu akaniambia kwamba Paulo na wenzake walikaa kimya, wakaficha imani yao ili waelewane na majirani. Paulo alihojiana kila siku katika darasa la Tirano kwa muda wa miaka miwili, mpaka wote waliokaa Asia, yaani jimbo la Kirumi lililokuwa na mji wa Efeso, wakalisikia neno la Bwana. Demetrio mwenyewe analalamika kwamba Paulo anafundisha kuwa miungu iliyofanywa kwa mikono si miungu. Hilo ni neno zito, nalo lilisemwa waziwazi, katika mji ulioishi kwa jina la Artemi. Lakini kati ya kusema hivyo na kutukana kuna tofauti, na hata karani aliiona. Waliochoma vitabu vya uganga katika sura hiyohiyo walichoma vyao wenyewe. Hatusomi popote kwamba waliingia nyumba ya jirani wakachoma vya kwake. Na Paulo alipotaka kwenda kuukabili umati, waliotuma watu kumsihi asiende walikuwa baadhi ya wakuu wa Asia, ambao Luka anawaita rafiki zake. Mtume aliyehubiri bila kupunguza neno alikuwa na marafiki katika watu wakubwa wa mji ule.

Najua pia mtu atanikumbusha Eliya pale mlima Karmeli, jinsi alivyowadhihaki manabii wa Baali. Ni kweli. Lakini Eliya alikuwa akisema na Israeli, watu wa agano waliokuwa wakisitasita katikati ya mawazo mawili, na aliwaambia manabii wale usoni pao, manabii waliokuwa wakila mezani pa Yezebeli, malkia aliyewaua manabii wa Bwana. Huwezi kuuchukua mlima ule ukauhamishia kwenye simu yako, dhidi ya jirani ambaye asubuhi mnasalimiana vizuri na hajui unachomcheka.

Tumeikariri amri hii tangu utoto: "Usimshuhudie jirani yako uongo" (Kutoka 20:16). Huwa tunaielekeza mahakamani, au kwenye umbea wa mtaani. Ndugu zangu, hivi mara ya mwisho uliiogopa lini amri hii ulipokuwa ukiisema dini ya mtu mwingine? Tunasema wale wote wanafundishwa kutuchukia. Tunasema wale wanamwabudu shetani. Tunasema hata sadaka zao zina siri. Umejuaje? Ulimuuliza nani? Ulisikia kwa mhubiri, naye akasikia kwa mwingine, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa na jirani huyo akamsikiliza. Mungu hakusema usimshuhudie ndugu yako katika imani uongo. Alisema jirani. Kuwa na imani sahihi hakutupi kibali cha kumsingizia mwenye imani nyingine, na uongo hautakasiki kwa sababu umesemwa madhabahuni.

Sisi wenyewe tulishakuwa upande wa kusingiziwa. Katika karne za kwanza ilivumishwa kwamba Wakristo wanachinja watoto na kula nyama zao katika mikutano ya siri. Walioyavumisha hawakuwahi kuingia katika mikutano hiyo, walisikia tu. Tertulliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, katika Afrika hii yetu, ilimbidi mwishoni mwa karne ya 2 aandike kuwatetea waumini dhidi ya uvumi huo. Waumini waliumizwa kwa maneno ya aina hiyohiyo ambayo leo sisi tunayapeleka mbele bila kuuliza. Na hata sasa, mtu akisema sisi tunaabudu miungu watatu, tunakereka, tunataka kueleza, tunataka aje atusikilize kwanza. Basi nasi tukawasikilize kwanza.

Yakobo alilia kuhusu ulimi huuhuu: "Kwa huo twamhimidi Mungu Baba yetu, na kwa huo twawalaani wanadamu waliofanywa kwa mfano wa Mungu." Hakusema wanadamu waliookoka. Kila aliyefanywa kwa mfano wa Mungu, awe Mwislamu, awe Mhindu, awe mfuasi wa dini ya mababu, awe hana dini kabisa, ukimdharau umegusa kitu cha Mungu.

Niwashuhudie jambo. Jirani yangu wa karibu kuliko wote si wa imani yetu. Nilipouguza kwa muda mrefu, yeye ndiye aliyebaki na watoto wangu, na kila alipowalaza hakuwahi kuwafundisha sala zake kwa siri. Aliwakumbusha wasali kama walivyofundishwa nyumbani kwao. Siku moja tukiwa tumeketi akaniuliza, "Huko kwenu mnafundishwa nini kutuhusu sisi?" Nikamjibu kwamba tunafundishwa kuwapenda. Akanitazama kwa muda, akaniuliza tena, "Na wenzako wote wanalijua hilo?" Swali hilo limekaa nami, na wiki hii, niliposikia ile sauti, lilirudi kwa nguvu. Maana jirani huyo ana simu pia. Sauti hizi haziishii kwetu.

Nawaombeni, kwa upendo wa Kristo, aliyenayo aifute. Na ikija nyingine, mmoja wetu aseme papo hapo: hapana, ndugu, hii si ya kwetu. Usiogope kuonekana umepoa kiroho. Wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi vya maombi, hili tulibebe sisi kwanza. Tukicheka sisi, vijana watachukua kicheko hicho wakakifanya ngumi, na damu ikimwagika tutasimama kuomba amani kana kwamba hatujui moto ulianzia wapi.

Yako mambo mengine ya ujirani, nayagusa tu. Vipaza sauti vyetu usiku: aliyelala ni mtu wa Mungu pia, tupunguze. Msibani tuende, tukaketi na waliofiwa, bila kugeuza msiba wa watu kuwa mkutano wa injili. Na mtu akikuuliza unaamini nini, mwambie wazi, usimung'unye maneno, kwa upole na kwa hofu kama Petro anavyosema. Hatuhitaji kujifanya kwamba dini zote zinasema jambo moja. Jirani yako naye anajua hazisemi jambo moja, na atakuheshimu zaidi ukiwa mkweli kwake.

Najua wako kati yenu wanaosoma haya kwa maumivu. Wako waliofukuzwa nyumbani kwa sababu ya Yesu, na wengine wanaishi na majirani ambao kweli wanawatukana. Siwaambii kwamba hilo ni dogo. Paulo mwenyewe aliandika "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote", kwa kuwa alijua kuna wakati haiwezekani, na kwamba upande wa pili hauko mikononi mwako. Kile kijiji cha Wasamaria kilipokataa kumpokea Bwana, Yakobo na Yohana walitaka moto ushuke kutoka mbinguni uwaangamize. Bwana akawakemea, wakaenda kijiji kingine. Basi. Na ni Yohana huyohuyo ambaye baadaye, katika Matendo sura ya 8, anatumwa pamoja na Petro kwenda Samaria, anawawekea mikono, wanampokea Roho Mtakatifu, kisha wanarudi Yerusalemu wakihubiri katika vijiji vingi vya Wasamaria. Fikiria kama moto ule ungeshuka.

Kwa hiyo katika maombi ya wiki hii naomba tuwataje majirani zetu kwa majina yao, si kusema tu "wale". Tuombee afya zao, watoto wao, kazi zao, na ndoa zao, kama tunavyoombea za kwetu. Yeremia aliwaandikia mateka waliokuwa Babeli wauombee mji ule amani, mji uliojaa miungu mingine, kwa kuwa katika amani yake nao wangepata amani. Na unayeweza, mwendee jirani yako umuulize mwenyewe: ningependa kukuombea, ungependa nikuombee nini? Wengi hawatakataa. Akikuambia, mwombee hilohilo alilokuambia.