Nilivyouza laptopu yangu Bukavu bila kunyongwa bei

Kila mnunuzi wa pale Kadutu alikuwa na wimbo uleule: "Mama, betri hii imekufa." Hapo bei inashuka hadi nusu. Betri yangu ilikuwa bado nzima, ila maneno matupu hayamshawishi mtu mwenye pesa mkononi.

Dawa imo ndani ya Windows yenyewe. Fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha bonyeza Enter. Kompyuta inatengeneza ripoti na kukuonyesha imeiweka wapi. Humo tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo wake wa sasa. Yangu ilisoma 41,000 na 34,800, yaani karibu asilimia 85. Kwa mashine iliyotumika, hiyo ni betri ya kujivunia!

Nikaacha madalali, nikatafuta mtu anayeihitaji kweli. Akaja papa mmoja anayemnunulia binti yake wa chuo. Alisoma ripoti polepole, akachomoa chaja mwenyewe, akawasha video huku akikodolea macho ile asilimia. "Mama, hapa sina la kubisha."

Tulipatana karibu na bei niliyoitaka. Nilikuwa nimeshahamisha picha zangu, nikatoka kwenye akaunti zote na kufuta kila kitu. Dola zake nilizitazama moja moja, maana noti iliyochanika hapa kwetu hakuna anayeipokea.